Kabati la Umeme na Macho ya Mume Wangu

Kiwanda cha korosho kilipofungwa mara ya pili sikulia. Mara ya kwanza nililia mpaka kichwa kikauma, maana nilidhani kiwanda cha serikali hakiwezi kufa. Mara ya pili nilivua aproni, nikaikunja, nikaenda zangu nyumbani. Nilikuwa nimechoka. Mtu aliyebangua korosho ujana wake wote, mafuta ya maganda yakamchuna ngozi ya vidole, huchoka kwa namna ambayo usingizi hauimalizi.

Watu wote wa kiwanda kile nawakumbuka kwa majina yao na ya baba zao, mpaka mlinzi wa geti aliyekaa msimu mmoja akahama. Wajukuu hunijaribu kwa mchezo na hawajanishinda. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Wengine wamekufa, wengine wana watoto wanaojua kusoma, na jina la mtu si mali yangu niligawe.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa kiwanda hicho hicho. Yeye mtu wa Sudi, mimi wa Kiranjeranje, na nje ya mji wa Lindi ndiko kazi ilikotukutanisha. Miaka ile kiwanda kilipokuwa kimelala, popo wamejaa ghalani na majani yameota mpaka kwenye ofisi ya mishahara, macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Hakumwambia mtu. Mimi niligundua siku moja alipofika mlangoni akasema, "Karibu, karibu ndani, mbona umesimama?" Nikatoka kumtazama mgeni. Alikuwa akiikaribisha kanzu yake mwenyewe niliyoianika kambani.

Nilicheka. Halafu nikaingia jikoni, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, sikucheka tena.

Zilikuwa nyakati za ubinafsishaji. Redio ilitaja neno hilo kila siku mpaka watoto wakalifanya wimbo wa kurukia kamba. Kiwanda chetu nacho kikapata mwekezaji. Yeye mwenyewe hatukumwona. Alimtuma msimamizi, bwana mmoja mnene, mpole wa maneno, aliyetembea na leso shingoni kwa sababu ya joto. Msimamizi akatangaza kwamba mashine za kukaangia na za kuvunjia zitafufuliwa, lakini zile swichi za zamani zitatupwa. Litakuja kabati jipya la umeme, lenye kuendesha mashine zote lenyewe. Anakuja fundi kutoka Dar kulifunga, na anataka fundi mmoja mwenyeji wa kumsaidia. Huyo mwenyeji, kazi ikiisha salama, ndiye atakayebaki kuwa mtunzaji wa kabati. Ajira ya kudumu.

Mume wangu alirudi na habari hiyo akiwa amenyooka mgongo, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka mingi.

"Nimejiandikisha," akasema.

"Na macho?"

"Nimefunga waya kabla huyo fundi hajazaliwa. Nitaona kwa vidole."

"Vidole vinasoma namba, baba watoto?"

Alijitia anatafuta kobazi zake, nazo alikuwa amezivaa.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi mwenyewe. Nilikuwa nimesikia kwamba chumba cha kabati kinatakiwa kisiwe na vumbi kabisa. Nikamwambia mimi ni mbanguaji wa zamani, mikono yangu imeharibika kwa kubangua, lakini kufagia naweza. Akaniangalia vidole, akasema, "Haya mama, anza." Kwa hiyo mume, aliyekuwa ameshachaguliwa, akawa ndani na bisibisi, mke akawa ndani na ufagio, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu.

Fundi wa Dar alikuwa kijana mwembamba, mwenye adabu. Kila asubuhi alitoa shikamoo kwanza, ndipo akaweka mkoba chini. Alipolifungua kabati nikaona ndani yake hakuna kitu ila bamba la chuma tupu. Nikamwambia, "Mwanangu, wamekuuzia sanduku." Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba ndani yake inafungwa fremu ya chuma yenye vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kinaingia kadi. Kadi ya mwanzo ndiyo ubongo. Zinazofuata, nyingine zinapokea habari kutoka kwenye mashine, kama tanuri limepata moto au mkanda umekwama, na nyingine zinatoa amri, washa hiki, zima kile. Waya za kila mashine zinatoka mbali huko, zinaingia kabatini kwa chini, na kila waya ina tundu lake mbele ya kadi. Ukikosea tundu, unaamuru feni halafu linawaka tanuri.

Kazi yao niliifuata kwa macho huku nafagia. Kwanza walitoboa bamba na kufunga fremu, na walipokuwa wakitoboa matundu mengine waliifunika juu kwa karatasi, vumbi la chuma lisianguke ndani. Baadaye wakaiondoa ile karatasi ili fremu ipumue. Kabla hujashika kadi ulitakiwa uguse chuma cha kabati kwa mkono mtupu, kuutoa umeme wa mwilini. Kijana alikuwa mkali sana kwa hilo. Kadi inashikwa pembeni, inalengwa kwenye reli za fremu juu na chini, inasukumwa taratibu mpaka ilie tak. Hapo mume wangu hakuwa na tabu. Mikono yake iliijua ile tak kuliko macho ya mtu yeyote. Kijana akamsifu, "Mzee una mkono mwepesi." Mume wangu akatabasamu upande ambao kijana hakuwapo.

Tabu ilianza kwenye waya.

Kila waya ilivishwa kipete kidogo cha plastiki, cheupe, chenye namba ndogo kama chawa. Kijana mwenyewe alishinda kule kwenye mashine akivuta waya na kuzivisha vipete. Kazi ya mume wangu ilikuwa kusimama kabatini, kuchukua waya, kusoma namba yake, kumenya ncha, kuiingiza kwenye tundu lenye namba ile ile na kukaza skrubu. Matundu alikuwa ameyashika kichwani, anayahesabu kwa kidole kutoka juu. Namba za waya ndizo zilizomshinda. Nilimwona siku ya kwanza ameshika waya moja, anaigeuza, anaisogeza puani, anaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, anairudisha. Jasho linamtiririka. Nikasogea na ufagio wangu nikasema kwa sauti ya chini, "Kumi na saba."

Tukaenda hivyo kwa muda. Nafagia, nasoma, nafagia. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, nikamalizia kwenye kisomo cha watu wazima, lakini namba sikuwahi kuzisahau. Kijana akiingia, nanyamaza, na mume wangu anabaki na waya mkononi, anajitia anaisafisha. Kijana akaanza kuona kazi haiendi. "Mzee leo umechoka?" Mume wangu anasema mgongo.

Ndipo nilipofikiria mlala, yale majani makavu ya kusukia mikeka. Sisi wasukaji wa mikeka, ukikaa na wenzako barazani mnasuka ukili wa watu mbalimbali, kila mmoja anafunga fundo lake mwanzoni mwa ukili wake, usije ukachanganyika na wa mwingine. Unaupata wako hata gizani, kwa kupapasa. Basi kijana alipokwenda kula mchana, mimi nilibaki na mafungu ya waya yaliyoning'inia chini ya kabati. Nilichana mlala niliokuja nao nyuzi nyembamba, nikaufunga kwenye kila waya, fundo nono kwa kila kumi na fundo dogo kwa kila moja. Mume wangu akapitisha vidole.

"Ishirini na tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Hii thelathini na mbili."

"Ndiyo, mume wangu."

Akaiachia ile waya. Baadaye akasema, "Umeninyima kisingizio cha kukusikia sauti." Alikuwa na maneno yake, yule mzee.

Tangu hapo kazi ikakimbia. Kila waya ikishaingia na kukazwa, anaukata ule mlala, anautia mfukoni, maana majani makavu hayaachwi karibu na umeme. Lakini kijana si mjinga. Siku moja alirudi mapema akazikuta waya zimevaa majani kama ngoma ya unyago.

"Mzee, hii nini?"

"Alama zetu za huku."

"Namba si zipo?"

"Zipo. Na hizi zipo."

Kijana akanigeukia. "Mama, isije ikawa dawa. Mimi nina mchumba Temeke, nataka nirudi mzima."

"Mchumba wako atakupata, mwanangu, ila umekonda," nikamwambia. "Hiyo ni mikeka tu. Sisi hatuwezi kuona uzi tusiufunge fundo." Akacheka, akaenda zake. Mimi nikashika ufagio, nikafagia pale pale nilipokwisha kufagia.

Sipendi kusema ilikuwa raha. Watu wakisikia kisa hiki huona kama ni mchezo mzuri wa mke na mume. Haukuwa mchezo. Tulirudi nyumbani kila jioni tumechoka kwa hofu kuliko kwa kazi. Yeye alikuwa akiogopa kuinua uso mtu akimwita, nami naogopa kwenda hata msalani, kijana asije akamuuliza kitu nisipokuwepo. Miguu yangu ilivimba. Nilikuwa nikimwangalia anavyopapasa bakuli la mchuzi, nikajisemea, tumalize tu, tumalize, akishapata ajira tutaona.

Tukamaliza. Kijana akapima waya moja moja na kile chombo chake kinacholia. Mbili zilikuwa zimebadilishana matundu, akazirudisha mwenyewe, akasema hakuna fundi asiyekosea mbili. Msimamizi akaja, akamshika mume wangu bega, akasema, "Mzee, ukishawasha hili kabati, ufunguo wake ni wako." Nilisikia kwa masikio yangu.

Siku ya kuwasha, wanawake wote wabanguaji waliitwa. Wakafika, wakasimama nje ya uzio, wakagoma kuingia. Kiwanda kimefungwa mara mbili, wakasema. Hatuingii mara ya tatu kabla hakijasomewa dua. Msimamizi akaangalia saa, akafuta shingo, akakubali. Akaitwa mwalimu wa madrasa. Ukafukizwa ubani mlangoni, ikasomwa dua, tukaitikia amina. Mimi na wengine wawili tukaenda nje kugawa halua na kahawa.

Mrashi aliushika bibi mmoja, mbanguaji mwenzangu wa meza moja, mkubwa wangu kwa umri, mtu asiyekatazika. Akawanyunyizia watu marashi kama kwenye maulidi, mwalimu kwanza, msimamizi, wanawake, mpaka mlinzi wa geti. Halafu akaingia kwenye chumba cha kabati. Kijana alikuwa nje kwenye jenereta. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale kabatini, na milango ya kabati ilikuwa wazi. Baadaye yule bibi alipoulizwa, alisema maneno ambayo Lindi nzima iliyarudia mwaka mzima: "Nimewanyunyizia watu wanaokula halua tu. Mashine yenye kufanya kazi ndiyo mnataka niinyime?" Alimnyunyizia mume wangu, kisha akalinyunyizia kabati.

Mume wangu alihisi baridi ya marashi usoni, akaitikia amina, akadhani ni yeye tu.

Kijana akarudi, msimamizi nyuma yake, na watu wakajaa mlangoni. Mimi nilikuwa mbele yao, sinia la halua mkononi. Jenereta lilikuwa linanguruma. Ilibaki kuinua swichi kubwa tu. Ndipo mume wangu akainua mkono.

"Subiri."

"Nini mzee?"

"Kuna marashi humu."

Watu wakacheka. Kijana akasema, "Marashi yako kila mahali, mzee. Mimi mwenyewe nanukia kama bwana harusi."

"Nasema humu ndani. Usiwashe."

"Wapi?" akauliza msimamizi. "Onyesha."

Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu nimepaona kila siku tangu hapo. Matone yalikuwa kwenye kadi za kushoto, yamekaa juu ya vichwa vya skrubu, yanameta. Hata mtoto aliyebebwa mgongoni angeyaonyesha. Mume wangu aliinama, akavuta harufu, akanyoosha kidole kile kile kilichofunga zile waya zote, akakiweka kwenye kadi ya mwisho kulia, iliyo kavu kabisa.

"Hapa," akasema.

Kicheko kikakatika. Kijana alikuwa ameshika kitambaa. Alikuwa amekitoa mfukoni kabla hata mume wangu hajasema neno. Nilikiona, kilikuwa mkononi mwake. Akasema taratibu, "Nimeyaona, mzee. Nilikuwa naenda kuyafuta kwanza."

Laiti angenyamaza tu, yule mume wangu. Laiti angemwacha kijana afanye kazi yake. Lakini angejuaje kwamba mwenzake ameshaona? Mtu asiyeona hajui wengine wanaona nini.

Msimamizi alisogea mpaka kabatini. Hakuwa na hasira. Akashika waya moja yenye kipete, akaiinua mbele ya uso wa mume wangu.

"Mzee, hii namba ngapi?"

Mume wangu akageuza uso upande wa mlango. Alikuwa akinitafuta. Mgongo wa msimamizi ulikuwa katikati yetu, ile namba sikuiona. Na hata ningeiona, mbele ya kiwanda kizima, ningesemaje? Mlala haukuwepo tena, ulikuwa umekatwa wote. Akapapasa ile waya kidogo. Kisha akaiacha.

"Siioni," akasema.

"Na hizi zote umefungaje?"

"Nimefunga. Amezipima huyu."

"Ni kweli, ziko sawa," kijana akasema. Alisema kwa nguvu, watu wasikie. "Bosi, ziko sawa zote."

Msimamizi akafuta shingo yake. Akasema, "Leo ziko sawa. Siku moto ukitokea humu, mzee, utauona saa ngapi?"

Swali hilo nimelitafutia jibu mpaka leo, sijalipata. Maneno yale hayakuwa mabaya. Ningekuwa mimi ndiye msimamizi ningesema hayo hayo, na ndiyo yanayonichosha, maana hakuna mtu wa kumlaumu.

Kijana akafuta matone, akalipuliza kabati kwa feni ndogo mpaka akaridhika. Wakati huo mume wangu alitoka nje, watu wakimpisha kama wanavyopishwa wafiwa. Akakaa kwenye ngazi za ofisi ya mishahara. Swichi ikainuliwa, taa za kwenye kadi zikawaka, mkanda ukaanza kutembea, wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilipiga. Mdomo ulipiga wenyewe.

Nilipomfikia aliniuliza, "Zimewaka?"

"Zimewaka."

"Ya ubongo?"

"Ya kijani, haikonyezi."

"Basi ni nzima." Akanyoosha mkono. "Halua imebaki?"

Nikampa. Akala polepole, vidole vikinata, akasema imezidi hiliki.

Ufunguo wa kabati alipewa kijana wa hapa hapa mjini, aliyesoma ufundi, macho yake mazima. Jioni ile msimamizi akaniita ofisini. Nilijua nafukuzwa, kwa hiyo nikaingia nimeshajifunga kanga ya safari. Akaniambia chumba hakijawahi kuwa safi vile, na kama nataka, niendelee. Ajira ya kudumu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimekataa. Ulikuwa uongo, sikuwa nimejibu lolote. Nilitaka nisikie atasema nini.

"Umekataa kwa nini?"

"Nitaingiaje mle bila wewe? Nimtumikie mtu aliyekutoa?"

"Hajanitoa yeye. Macho yamenitoa." Akageuza uso ukutani. "Rudi kesho ukamwambie umekubali. Tutakula nini, mama watoto? Tutakula hasira?"

"Na wewe utashinda na nani?"

"Nitashinda na mimi."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Alfajiri nilijitanda, nikamwekea maji karibu, nikamwonyesha kwa mkono wake kuni ziko wapi, unga uko wapi, kiberiti kiko wapi. Akasema nimwache, hajawa mtoto. Njiani wanawake wenzangu walikuwa wakipiga soga kuhusu meza mpya na aproni mpya, na hakuna aliyemtaja. Nilishukuru, tena nikaumia. Siku nzima nilifagia.

Niliporudi jioni moshi ulikuwa umejaa nyumba nzima, na yeye amekaa jikoni macho mekundu, mwiko mkononi. Alikuwa amesonga ugali. Ulikuwa na mabuja ya unga mbichi katikati na umeungua chini. Tulikaa mkekani tukaula wote.